Vidole Vyangu Vitatu na Vumbi la Zizi

Nina vidole saba vya miguu. Nilizaliwa na kumi, nikaolewa na kumi, nikamzika mume wangu nikiwa na kumi, nikaitwa bibi nikiwa na kumi. Vitatu nilinyang'anywa na mdudu ambaye ukimweka juu ya ukucha wako utadhani ni chembe ya uchafu. Sijamaliza kushangaa. Mpaka leo nikivaa kiatu changu cha ngozi, mguu wa kushoto unateleza mbele kwa sababu hakuna cha kuuzuia. Nasimama njiani nautazama. Nasema, kweli, mdudu yule?

Naandika mwenyewe. Herufi nilifundishwa uzeeni na mwalimu wa misheni, katika darasa la wanawake, viangazi viwili tu. Atakayecheka mwandiko wangu acheke kwanza, kisha asome. Naandika kwa ajili ya mtu aliyekaa mahali sasa hivi anajikuna mguu na kusema, ah, itapita. Mimi nilisema hivyo tangu mavuno mpaka mawingu ya mvua.

Kwetu ni Haneti. Watu wa huko watakuambia miguu yangu ilikuwa ya namna gani. Nilikuwa nakwenda Chemba kubadilisha mtama kwa mbuzi, na kurudi, na siku ya pili niko shambani. Tena nilikuwa na dawa ya magaga. Mwanamke ambaye visigino vyake vimepasuka mpaka damu alikuja kwangu, na alirudi kwake anatembea vizuri. Dawa yenyewe nilipewa na mama yangu, na si ngumu. Kiangazi, jua likiwa kali, vumbi la samadi zizini huwa la moto na laini kama unga. Unafukia miguu humo mpaka kwenye vifundo, unakaa mpaka kivuli cha ukuta kikufikie, kisha unapaka mafuta ya kondoo. Magaga yanafunga. Hilo ni kweli na sitalikana. Likumbuke tu vumbi hilo, kwa sababu ndilo lililotumaliza.

Sasa nimtaje mkwe wangu, mume wa binti yangu Matika. Jina lake silitaji hata hapa kwenye karatasi. Kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani. Akiniona njiani anaacha njia, anaingia vichakani, ananipa mgongo mpaka nipite. Hatuli pamoja. Akiwa na neno kwangu linapitia kwa mke wake. Hapo hapana ugomvi, ni heshima, na mimi nilikuwa najisifu kwamba mkwe wangu anaijua heshima kuliko wakwe wote wa Haneti. Alikuwa amejenga ng'ambo ya korongo, karibu kabisa, na kwa miaka saba sikuwahi kuuona uso wake kwa kituo.

Mwaka ule Wadachi walimchukua kuwa mpagazi hadi Tabora. Alirudi baada ya mavuno, amekonda, kucha mbili za miguu hazipo. Wapagazi wenzake watatu walipumzika uani kwangu siku mbili, pale pale penye mbuzi, nikawapa uji. Niliona nyayo za mkwe wangu kwenye vumbi, anakanyagia kisigino. Nikamwambia Matika, "Mumeo anatembea kama kuku aliyekanyaga kaa la moto." Tukacheka mpaka tukafuta machozi.

Haukupita mwezi, ukaanza mwasho. Ulikuwa mwasho mtamu, nasema ukweli. Ukijikuna pembeni ya ukucha unafumba macho. Mjukuu wangu Nyemo, mtoto wa Matika, alikuwa na miaka sita na alikuwa analala kwangu, maana mimi ni mjane na nyumba inataka sauti. Naye akaanza kujikuna. Tulikaa wawili mlangoni tunajikuna kama nyani, tunachekana. Kisha nikaona kwenye kidole chake kitu cheupe, cha mviringo, kama punje ya mtama, na katikati kidoti cheusi. Nikasema ni mwiba umetunga usaha. Nikampeleka zizini, nikamfukia miguu kwenye vumbi la moto. Nikafukia na yangu. Tukakaa tunaimba.

Kila mchana tulifanya hivyo. Kila mchana.

Matika alikuja siku moja akasimama mlangoni hataki kukaa. Akasema, "Mama, baba Nyemo anasema utazame vidole vya mtoto."

"Nimevitazama."

"Anasema ni funza. Anasema wako njia nzima ya msafara, wametoka bara huko. Wanaingia ndani ya nyama wanataga. Watolewe kwa mwiba, mmoja mmoja, kabla hawajawa wengi."

"Baba Nyemo ameona wapi vidole vya mtoto?"

"Ni mtoto wake, mama."

"Na vyangu je, ameviona pia? Anakaa vichakani anahesabu vidole vya mama mkwe wake?"

Matika akainamisha kichwa. Nilijua nimempata. Nikaongeza, "Yeye ndiye aliyetuletea uchafu wa barabarani, sasa anataka kutufundisha dawa. Mwambie mimi nilikuwa natibu miguu kabla mama yake hajaolewa."

Alikwenda. Mimi nilibaki nimevimba kwa hasira, na miguu pia ilikuwa imevimba, lakini hasira niliiona zaidi.

Siku chache baadaye nilikwenda kisimani. Nilikuwa natembea polepole, kwa ubavu wa nyayo, kwa hiyo nilichelewa. Niliporudi nikamkuta Nyemo ameketi juu ya kinu, analia kwikwi, vidole vyake vinatoka damu, vina matundu matundu kama sega la nyuki. Nyuma ya ghala la mtama nikaona kisigino cha mwanamume kinajificha. Mkwe wangu, aliposikia mtungi wangu, alikimbilia huko ili tusionane. Alikuwa amemtoboa mtoto kwa mwiba wa mgunga.

Nilimtukana nikiwa naliangalia ghala. Nilisema maneno ambayo mwalimu wa misheni hawezi kuyasikia. Yeye hakujibu, maana hawezi kunijibu. Nyemo ndiye aliyesema, katikati ya kwikwi, "Bibi, baba ametoa kumi na tisa. Amesema mwasho utakwisha."

Sikiliza nilichofanya. Nilimbeba yule mtoto, na yale matundu yote wazi, nikampeleka zizini nikamfukia miguu kwenye vumbi ili vidonda vikauke. Kwa mkono huu ninaoandikia. Nilimpangusa machozi, nikamwambia, "Bibi yako anajua."

Miezi iliyofuata siipendi, nitaipitia haraka. Ukucha wangu mmoja ulitoka nilipokuwa nafunga kiatu, ulibaki mkononi kama ganda la karanga. Sikusikia maumivu, na hilo ndilo lililonitisha, kwa sababu chini yake palikuwa peusi. Kulikuwa na harufu. Wanawake waliokuwa wanakuja kwangu kutengenezewa magaga waliacha kuja. Mmoja alifika, akavuta pua, akasema amesahau moto jikoni. Niliacha kwenda kwenye ngoma. Niliwaambia watu nina mgongo. Nyemo alikuwa anatambaa. Mtoto wa miaka sita, aliyekuwa anawakimbiza ndama, anatambaa kwa magoti kwenda nje, na mimi nasema mvua zikija atasimama.

Kisha ukatokea mtoki kwenye kinena chake, uvimbe kama yai la kanga, na mwili ukawa wa moto. Kidole chake cha mwisho cha mguu wa kushoto kilibadilika rangi, kikawa kama ini lililolala.

Matika alikuja asubuhi. Safari hii hakuinamisha kichwa.

"Mama, punda yuko nje."

"Wa nini?"

"Wa Dodoma. Kuna bwana mganga wa Wadachi, kwenye kambi ya watu wa reli. Baba Nyemo amesema mama asipotaka kwenda, abaki na heshima yake. Yeye anamchukua mtoto wake."

Hakuna aliyewahi kunisemesha hivyo. Nilifungua mdomo nimjibu. Ndani ya nyumba Nyemo akaniita, si kwa kulia, kwa sauti kavu tu, kama mtu mzima anayeomba maji. Nikaufunga mdomo. Nikapanda punda.

Siku tatu njiani. Mimi na mtoto juu ya punda, Matika ameshika kamba, na mkwe wangu mbele yetu hatua thelathini, na mgongo wake. Hakugeuka hata mara moja. Tukipumzika yeye aliketi mbali, anatazama anakokwenda. Kama anataka kujua hali ya mtoto alisimama tu, akangoja, na Matika alipaza sauti, "Anakunywa maji," au, "Amelala," naye akaendelea. Nilikuwa na siku tatu nzima za kuutazama mgongo ule. Ulikuwa na kovu la mzigo kwenye bega. Nikaona pia kwamba ameshapona miguu. Anatembea vizuri, anakanyaga chini yote. Yeye aliyekuwa kuku wa kuchekwa. Nililiona jambo hilo na bado sikulielewa, jinsi kichwa changu kilivyokuwa kigumu.

Dodoma tulifikia kwa mwanamke wa Kiislamu, Bi Zuhura, ambaye mume wake alikuwa ananunua chumvi kwetu. Watu wa pwani sikuwapenda. Nilikuwa nawaona wanajipaka marashi kuficha uvivu. Alitoka mlangoni akasema, "Mbukwa, mama," salamu ya Kigogo kwa ulimi wa Pangani, mpaka nikataka kucheka na hali yangu ile. Kisha akapiga magoti mbele ya punda na kuushika mguu wangu, ule unaonuka, kwa mikono yake miwili. Hakuvuta pua.

"Mama, huu una muda gani?"

"Tangu mavuno."

"Na kwenu hakuna mtu anayejua kutoa funza?"

Niliitazama shingo ya punda. Matika hakumtaja mume wake, nitamshukuru kwa hilo mpaka nife. Mkwe wangu alikuwa ng'ambo ya barabara, ameupa ukuta uso wake.

Kwa bwana mganga ni kukaa. Usiende ukidhani utaitwa. Kuna baraza ndefu yenye paa la bati, na jua likipanda bati linalia kama sufuria. Tulikaa humo siku ya kwanza nzima hatukuitwa. Kulikuwa na Wanyamwezi wa reli waliopondwa vidole na vyuma, wake za askari, mtu aliyekuwa anakohoa kwenye kibuyu na kufunika kwa jani. Hakuna anayemcheka mwenzake pale, kila mtu amekuja na uozo wake. Mnyamwezi mmoja aliona miguu ya Nyemo, akanyoosha ya kwake, vidole sita jumla, akamwambia, "Tazama, binti, mimi nilikuwa mkubwa wa wajinga. Wewe umekuja mapema kuliko mimi." Nyemo akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu kiangazi kianze. Bi Zuhura alituletea uji mchana, na kipande cha kaniki cha kufunika miguu nzi wasitue.

Siku ya pili tukaitwa. Bwana mganga alikuwa mtu mwekundu, mfupi, amechoka. Hakusema Kiswahili kingi. Mtumishi wake wa pwani alisema kwa niaba yake. Alitazama mguu wa mtoto, kisha wangu, kisha wa mtoto tena, kwa muda mrefu. Akauliza kitu. Mtumishi akasema, "Bwana anauliza, mtoto huyu ametobolewa zamani na mtu anayejua kazi. Makovu ni safi. Baadaye wakaingia wengine, wengi, kwenye matundu yale yale. Mlimweka wapi?"

"Zizini," nikasema.

"Alikuwa analala zizini?"

"Hapana. Nilimfukia miguu kwenye vumbi. Ni dawa."

Mtumishi hakutafsiri. Alinitazama mimi. Akasema polepole, kama mtu anayeongea na mgonjwa wa akili, "Bibi, funza anazaliwa mavumbini. Vumbi la mbuzi, kavu, lenye joto. Pale ndipo kwao."

Nimewahi kuona simba akitoka na ndama. Nimewahi kuona nyumba ya kaka yangu ikiungua. Sikuwahi kupigwa kama nilivyopigwa na maneno yale. Nilimtazama Nyemo, naye ananitazama, na alikuwa ameelewa, kwa maana alisema, taratibu, si kwa kunilaumu, kama mtu anayekumbuka, "Tulikuwa tunaimba."

Kidole chake cha mwisho kilikatwa siku ile. Kimoja. Nilimshika mimi, na alinishika shingo. Vyangu vitatu vilikatwa kesho yake, na sitasema iliuma vipi, kwa sababu nilitaka iume.

Tulikaa Dodoma tangu mawingu ya kwanza mpaka mtama wa watu ulipofika magotini. Kila asubuhi barazani, miguu kwenye beseni la maji ya rangi ya zambarau, kisha dawa yenye harufu ya lami, kisha vitambaa. Siku za kwanza nilihesabu kwa beseni. Baadaye nikahesabu kwa mtoki wa Nyemo, jinsi ulivyokuwa unapungua: yai la kanga, yai la njiwa, punje, hakuna. Mvua ilipiga bati, hatukusikiana. Mashamba yetu hayakupandwa. Mkwe wangu alirudi Haneti peke yake kwenda kupanda kidogo alichoweza, chake na changu. Bi Zuhura alinifundisha wakati ule yale ambayo nawaambia ninyi sasa. Mwagia nyumba maji, piga sakafu kwa udongo mbichi isitoe vumbi. Mbuzi walale kwao na watu kwao. Osha miguu kila jioni na uitazame, katikati ya vidole na chini ya kucha, na ambaye haoni vizuri atazamiwe. Funza mmoja mchanga mtoe na mwenye mkono mzuri, kwa mwiba au sindano iliyopitishwa motoni, na tundu lake lioshwe lifunikwe. Lakini kidole kikibadilika rangi, kikinuka, kikiacha kuuma wakati kilikuwa kinauma, au mtoki ukavimba na mwili ukawa moto, hapo usijitibu, usimtibu mjukuu, usingoje mvua. Tafuta punda.

Na sasa lile ambalo Bi Zuhura hakunifundisha.

Tuliporudi Haneti uani kwangu palikuwa pamefagiliwa, zizi limehamishwa nyuma ya tembe, sakafu imepigwa udongo. Nilijua ni nani. Sikusema kitu. Lakini funza hawakuisha Haneti, na mgongo wangu sasa haukunjiki, macho yangu hayaoni chini ya ukucha. Matika mkono wake unatetemeka, akiona damu anageuza uso. Kiangazi kilichofuata nikasikia ule mwasho mtamu. Nilikaa nao siku mbili. Siku ya tatu nikamwita Nyemo, nikamwambia, "Nenda kamwambie baba yako bibi anajikuna."

Alikuja mchana mweupe, na ngozi ya ng'ombe begani. Aliitundika mlangoni kwangu, kutoka juu mpaka karibu na chini. Mimi niko ndani, yeye yuko nje, Nyemo katikati anachungulia huku na huku. Nikautoa mguu chini ya ngozi. Nikafumba macho. Nilikuwa nimempa mguu huu mwanamke wa Pangani, nikampa Mdachi, nikampa mtumishi wa Mdachi, watu nisiowajua baba zao, na huyu nilimnyima mpaka ukaoza.

Mkono wake ulikuwa mwepesi. Sikusikia kitu.

"Bibi, baba anasema ni mmoja tu, bado mchanga."

"Nimesikia, mimi si kiziwi."

"Baba anasema usitikisike."

"Mwambie baba yako anayetikisika ni yeye."

Nikamsikia nje anacheka puani. Miaka yote ile, sikuwa najua anavyocheka.

Tukaendelea hivyo, kila siku chache, viangazi vyote hadi leo, na wanawake wa Haneti sasa wanatundika ngozi zao milangoni na kumwita. Nyemo alikuwa mjumbe wetu. Anatembea vizuri, kwenye ngoma hutajua kidole kipi hakipo. Kisha akaanza kwenda kusoma misheni.

Siku ya kwanza hayupo, nilisikia kikohozi nje, na ngozi ikashuka mlangoni. Nikangoja sauti ya mtoto. Hapakuwa na mtoto. Nikautoa mguu. Alifanya kazi yake kimya, akaosha, akafunika. Mimi nami kimya, nawaza tutamalizaje, nani atamwambia nani.

Akasema mwenyewe, chini chini, kupitia ngozi.

"Mguu mwingine, mama."

Nikampa.